Bastola Inayoumiza Mkono: Mpini Upi Utapunguza Teke Lake?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na alizeti, umri wangu ni miaka 41, na kazi hunipeleka soko la Kibaigwa, huku Dodoma, mara kwa mara nikiwa na fedha taslimu. Baada ya kuporwa njiani niliomba leseni kwa utaratibu wa polisi, nikapewa, nikanunua kwa muuzaji mwenye kibali bastola ndogo ya silinda inayobeba risasi 5 za aina iitwayo .38 Special. Fremu yake ni ya aluminiamu, mtutu wake ni wa inchi 2, na mpini wake una vibao vyembamba vya mbao. Siku ya mafunzo nilipiga risasi 15. Kufikia ya sita, kifundo cha kidole cha kati kilikuwa kimevimba, na hapa kati ya gumba na shahada palikuwa panawaka kama pamemwagiwa pilipili. Siku tatu baadaye nilishindwa kufungua kifuniko cha dumu. Shemeji yangu anasema nitazoea, kwa kuwa mkono uliokua na jembe haushindwi na bastola. Muuzaji ananishauri ninunue mpini wa mpira, tena mkubwa kuliko yote. Viganja vyangu ni vidogo. Nimsikilize nani?"

Marahaba dada, na pole sana kwa mkono. Umeniandikia jambo ambalo wengi hulificha kwa kuona haya, hasa wanaume, kisha bastola ikabaki kabatini mwaka mzima bila kufanyiwa mazoezi. Tena umelieleza vizuri, kwa kuwa umetaja mahali penyewe panapouma. Mimi nikiwa fundi na mkufunzi, hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mtu kabla sijaigusa bastola yake. Maumivu ya kifundo cha kidole cha kati yana chanzo chake, yale ya kati ya gumba na shahada yana chanzo kingine, na huko kushindwa kufungua dumu kunanifanya nishuku jambo la tatu ambalo hukulitaja. Dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine, na ndiyo maana siwezi kukujibu kwa neno moja kama alivyofanya muuzaji wako.

Nianze na shemeji, maana ushauri wake ndio wenye hatari zaidi. Jembe huotesha sugu, na sugu hulinda ngozi. Haiulindi mfupa, haiilindi neva inayopita pembeni mwa kidole, wala haiulindi utando wa kiungo cha gumba. Isitoshe, mkono unaoumizwa haujifunzi kuvumilia, unajifunza kuogopa. Risasi ya kumi inapofika, mwili umekwisha kujua kwamba kuna kipigo kinakuja, kwa hiyo unabana macho na kusukuma mtutu chini nukta moja kabla ya mlio, na risasi inagonga ardhini mbele ya shabaha. Nimewaona watu wenye vifua vya wabeba magunia wakifanya hivyo hivyo. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa huchukua muda mrefu kuliko uliotumika kuipanda.

Sasa tuangalie teke lenyewe linatoka wapi. Risasi ya kawaida ya .38 Special ina kichwa chenye uzito wa greni 158, yaani kama gramu 10, nacho hutoka kwenye mtutu mfupi kama wako kwa kasi ya takriban mita 220 kwa sekunde. Kinachosukumwa mbele lazima kisukume nyuma kwa kiasi hicho hicho, na gesi ya baruti inayotoka nyuma ya risasi huongeza sehemu yake. Bastola yenye uzito wa gramu 450 hurushwa nyuma kwa kasi inayozidi mita 5 kwa sekunde. Bastola ya chuma yenye uzito wa kilo moja, ikiwa na risasi hiyo hiyo, huenda kwa kasi isiyofikia nusu ya hiyo. Wengi hudhani kwamba bastola ndogo ina teke dogo, na ndiyo maana akina mama huuziwa hizo kila siku. Mambo ni kinyume kabisa: wepesi unaofurahia ukiibeba kwenye mkoba ndio unaokupiga ukiifyatua.

Teke hilo pia halirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Mtutu umekaa juu ya mkono wako, kwa hiyo bastola inaposukumwa hujipindua, mdomo wake ukaenda juu na mpini ukazunguka ndani ya kiganja. Una vipigo viwili kwa pamoja, kimoja cha kusukuma na kimoja cha kuzungusha, na mpini mwembamba huruhusu vyote viwili viangukie sehemu ndogo sana ya nyama.

Hakuna mpini unaoondoa teke. Kiasi cha msukumo huamuliwa na risasi na uzito wa bastola, na vibao viwe vya mpira, mbao au pembe, hesabu hiyo haibadiliki kwa kiwango cha maana. Kazi ya mpini mzuri ni kukigawanya kipigo. Hukitandaza juu ya eneo kubwa la kiganja badala ya kukiachia kona moja ya chuma, na kama ni laini, hukichelewesha kidogo kiingie mkononi kama msukumo kuliko kama kofi. Mzigo wa gunia ni ule ule, uubebe kwa kamba nyembamba au kwa mkanda mpana. Bega lako ndilo linalojua tofauti.

Turudi kwenye kidole cha kati. Itazame bastola yako ikiwa tupu: nyuma ya upinde wa chuma unaokinga triga (kile kifyatulio kinachovutwa kwa kidole), pale fremu inapokata kona kushuka chini, pana uwazi ambao vibao vyembamba havijauziba. Kidole chako cha kati hukaa humo. Bastola inaporuka na kujipindua, ule upinde hukigonga kifundo kwa nyuma, risasi baada ya risasi. Hili ni tatizo kongwe. Ndiyo maana tangu karne iliyopita kuna kipande kidogo cha chuma kinachobanwa chini ya vibao kwa mbele ili kuujaza uwazi huo, maarufu kwa jina la Tyler T-Grip, na mipini mingi ya mpira ya leo imejazwa hapo hapo. Kwa kidole chako, dada, dawa ni kuujaza uwazi wa mbele tu, na unaweza kufanya hivyo bila kuunenepesha mpini mzima. Ukinunua mpini mpya, jambo la kwanza la kukagua ni hilo, kabla ya ulaini na kabla ya bei.

Mahali pa pili, kati ya gumba na shahada, huwaka kwa sababu mgongo wa mpini wako ni ukanda wa chuma ulio wazi, usiofunikwa na vibao. Chuma hicho chembamba ndicho kinachoingia katika nyama hiyo. Hapa tiba ni moja kati ya mbili: ama mpini unaoufunika mgongo wote kwa mpira, ama mpini unaouacha mgongo wazi lakini wenye mabega mapana pande zote mbili, ili nyama ya kiganja ipokee kabla chuma hakijafika. Kampuni ya Hogue hutengeneza aina inayoitwa Tamer, ambayo nyuma yake hutiwa kipande cha Sorbothane, kitu laini kilichotengenezwa mahususi kumeza mtikisiko. Bastola nyepesi ya Ruger LCR, iliyoingia sokoni mwaka 2009, ilitoka kiwandani ikiwa na mpini wa aina hiyo. Nimeutumia. Kwa mwenye mkono wa wastani au mkubwa ni raha tupu.

Wewe mkono wako ni mdogo, na hapa ndipo ninapoachana na muuzaji wako. Mpira unaofunika mgongo una unene, na unene huo unaisogeza triga mbali na kidole chako. Triga ya bastola ya silinda ni nzito na ina safari ndefu, kwa hiyo kidole kisipofika vizuri, mtu huuzungusha mkono wake kuifuata triga bila kujitambua. Akishauzungusha, mgongo wa bastola hautazami tena ile nyama iliyo kati ya gumba na shahada, bali unatazama kiungo cha shina la gumba. Mfupa hugonga mfupa. Kiungo hicho ndicho unachokitumia kufungua dumu, kusokota nguo na kushika mwiko, na ndiyo sababu nilisita niliposoma habari ya kifuniko. Nashuku kwamba hata kwa mpini wako wa sasa unauzungusha mkono kidogo, na mpini mkubwa kuliko yote utakufanya uuzungushe zaidi. Maumivu yatahama, hayataisha. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe zamani: nilimfungia mteja mpini mnene wa mpira nikijisifu, akarudi baada ya wiki mbili ameshikilia shina la gumba.

Kipimo chake unaweza kukifanya nyumbani, kwa masharti. Fungua silinda, toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, rudi uangalie matundu yote matano kwa macho na kwa kidole. Kisha, ukiuelekeza mtutu upande salama, shika bastola ili mtutu, kifundo cha mkono na mifupa ya kigasha viwe kwenye mstari mmoja, kama vile mtutu ni mwendelezo wa mkono wako. Bila kuusogeza mkono, laza shahada juu ya triga. Ikiwa nyama ya pingili ya kwanza, au mkunjo unaoifuata, inatua katikati ya triga, mpini unakufaa kwa urefu wa kufika. Ikiwa ni ncha tu inayogusa, mpini ni mnene mno nyuma. Ukiona kidole kimepita hadi pingili ya pili, ni mwembamba mno. Rudia kipimo hiki kwa kila mpini utakaoletewa, na usikubali kuambiwa kwamba utauzoea.

Kwa jinsi ulivyojieleza, chaguo langu la kwanza kwako lingekuwa mpini wa mpira au mbao ulio wazi mgongoni, uliojazwa nyuma ya upinde wa triga, wenye mabega mapana nyuma na urefu unaotosha kidole cha mwisho kipate pa kushika. Kidole hicho cha mwisho hudharauliwa, lakini kikining'inia hewani chini ya mpini mfupi, bastola hujipindua zaidi. Gharama ya urefu ni kwamba bastola itaonekana zaidi chini ya kitenge au blauzi, na mpira nao hushika nguo. Hayo uyapime wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeibeba. Mpini wenye mifereji ya vidole uukwepe, isipokuwa kama mifereji hiyo imeangukia sawasawa vidole vyako, maana iliyochongwa kwa vidole vya mtu mwingine hukupandisha vidole juu ya matuta. Michoro ya misumeno kwenye mbao, ile iliyowekwa ili isiteleze, ikiwa mikali itakuchuna. Fundi huilaza kwa msasa laini. Hakikisha pia kibao cha kushoto kimekatwa juu ili maganda ya risasi yatoke bila kukwama unapoyasukuma nje.

Ukubwa wa fremu ni jambo la kulijua kabla hujatoa pesa. Smith & Wesson, kwa mfano, fremu zao ndogo huitwa J, na mpini wa fremu zao kubwa zaidi, K au L, hauingii hapo hata ukiulazimisha. Soma maandishi yaliyo kwenye bastola na uyaandike kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Kuhusu mbao, sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa ughaibuni huilipia ghali. Mpingo ni mti wetu, mzito kiasi kwamba huzama majini, na ukishasuguliwa huwa laini mkononi. Mninga ni mwepesi zaidi na hautikisiki sana na mabadiliko ya hewa. Hewa ya Dodoma, yenye kiangazi kirefu kikavu, hupasua mbao ambazo hazikukaushwa vizuri, kwa hiyo muulize mchongaji kipande chake kimekauka kwa muda gani, na unapofunga skrubu ikaze kwa vidole tu. Mpira hauogopi ukavu, lakini huogopa mafuta ya kusafishia bastola na joto la ndani ya gari; ukizembea, baada ya miaka michache hunata kama gundi.

Mchongaji asipewe bastola. Mpelekee vibao vya zamani pekee, pamoja na kipande cha udongo wa kuchezea ulichokibonyeza kwenye ule uwazi wa mbele ili kikauke na umbo lake. Hivyo vinamtosha. Silaha imeandikwa kwa jina lako, na kumwachia karakanani mtu asiye na leseni, hata kwa saa moja, ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, sembuse hatari yenyewe. Vumbi la mpingo nalo huwasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu, basi asugue akiwa amefunika pua. Na kama unafikiria kuagiza mpini kutoka nje, ulizia kwanza kwenye ofisi ya polisi iliyoshughulikia leseni yako, kabla hujalipa, ili mzigo usije ukakwama forodhani kwa sababu umeandikwa kama sehemu ya silaha.

Kabla hujatumia hata shilingi, lipo jaribio la bei ya chini. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uvalishe kwenye mpini wa sasa mizunguko miwili, ukihakikisha haugusi triga wala nyundo (kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi), wala hauzuii silinda kufunguka. Piga risasi tatu katika uwanja unaoruhusiwa. Ukisikia nafuu kati ya gumba na shahada na kidole bado kinafika kwenye triga, umejua kwamba unaweza kumudu mpini uliofunikwa. Kama shina la gumba limelalamika, umejiokoa na hasara. Ukanda huo ni wa majaribio tu. Ukilowa jasho huteleza, na sitaki uutegemee siku ya shari.

Mpini peke yake, hata hivyo, hautamaliza habari. Muulize muuzaji ni risasi za aina gani alizokupa. Zilizoandikwa +P zina shinikizo kubwa zaidi ya za kawaida na teke lake ni zaidi. Za mazoezi zenye kichwa bapa cha greni 148, zinazopigwa taratibu, ni za upole kuliko zote nilizowahi kuwapa wanafunzi. Kubadili risasi kutakupunguzia maumivu ya mazoezi kuliko mpini wowote, kwa sababu hapo kinachopungua ni teke lenyewe. Na nikuambie ukweli ambao muuzaji hatakuambia: kama baada ya haya yote mkono bado unauma, bastola hiyo haikufai, na ile ya fremu ya chuma, ingawa ina uzito wa gramu 600 na zaidi, itakuwa rafiki yako kuliko hii. Kubadilisha kuna mlolongo wa kibali upya, najua, lakini silaha inayomtisha mwenyewe ni mzigo tu.

Namna ya kushika nayo ina sehemu yake. Panda juu kadiri mgongo wa mpini unavyoruhusu bila kuizuia nyundo, bana kwa mikono miwili, viwiko vikunjwe kidogo. Kadiri mkono unavyokuwa karibu na mtutu, ndivyo mzunguko unavyopungua. Ila mkono wa pili usivuke mbele ya silinda hata kidogo: kati ya silinda na mtutu pana mwanya ambao hutoa gesi ya moto yenye nguvu ya kuchana nyama. Vaa vikinga masikio, na ukiweza vya ndani na vya nje kwa pamoja, kwa kuwa mlio wa mtutu mfupi huzidi desibeli 150, na sehemu ya kile unachokiita maumivu ya mkono ni mshtuko wa sikio. Glavu ya baiskeli yenye sponji kiganjani inafaa kwa mazoezi, mradi shahada iwe wazi. Usizidi risasi 10 au 15 kwa siku mwanzoni, na siku ambayo maumivu yanaanza kwenye ya nne, ondoka kwenye ya nne.

Mwisho ni mkono wenyewe, ambao mimi siwezi kuuona kutoka hapa. Uvimbe wa kifundo cha kidole unaopungua ndani ya wiki moja au mbili kwa barafu na mapumziko haunitishi. Lakini nenda hospitali, iwe ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, ukiona mojawapo ya haya: ganzi ya kidole isiyoisha baada ya siku chache, maumivu yanayokuamsha usiku, vitu kukuponyoka mkononi, kidole kisichonyooka, au maumivu makali ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya gumba upande wa kifundo cha mkono, kwa sababu huko kuna mfupa mdogo ambao ukipata ufa huweza usionekane mapema kwenye picha ya eksirei na hupona kwa shida ukipuuzwa. Mweleze daktari wazi kwamba chanzo ni bastola na umwonyeshe jinsi ulivyoishika. Una leseni, huna cha kuficha, na akidhani umejigonga mlangoni atatibu kingine. Kwa kuwa siku tatu baadaye dumu lilikushinda, ningependa shina la gumba lipimwe hata kama dalili nyingine hakuna. Mpaka hapo usifyatue risasi nyingine, na kipimo cha kidole kwenye triga ukifanye mkono ukishapona, kwa kuwa mkono uliovimba hutoa jibu la uongo.